Dawa Iko Ndani, Rangi Iko Nje
Hotuba kuhusu kupaka rangi nguzo na mbao zilizotiwa dawa

Ifuatayo ni hotuba iliyotayarishwa na Serikali ya Kaunti kwa ajili ya mabaraza ya wadi yanayowakutanisha mafundi seremala, wenye vibanda vya biashara, kamati za vituo vya chekechea na wakazi kwa jumla. Inachapishwa hapa nzima ili wale ambao hawakufika barazani nao waipate.

 

Nguzo za kijani zimejaa kila mahali huku pwani. Zimeshika seng'enge za mashamba, zimebeba makuti ya hoteli na mabati ya vibanda vya barabarani, na zimezunguka vituo vya chekechea. Wengi huziita nguzo za dawa. Mtu huzinunua kwa bei ya juu kuliko nguzo za kawaida kwa sababu ameambiwa kwamba mchwa hawazili. Baadaye hutafuta rangi azipake, ili kibanda kipendeze na jina la biashara lisomeke kutoka barabarani.

Hapo ndipo maswali huanza. Mbona rangi imebambuka kabla hata mwaka haujaisha? Je, nguzo iliyotiwa dawa inahitaji rangi kweli? Ipakwe rangi gani, na lini? Na vile vipande vinavyobaki fundi akishakata, vifanyiwe nini?

Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini kwa afya ya familia ndilo zito kuliko yote. Litajibiwa leo. Kwanza ni vizuri kuelewa kilichomo ndani ya nguzo yenyewe.

Kazi mbili, si moja

Wajenzi wa majahazi wa Lamu walilijua jambo hili zamani. Sehemu ya jahazi iliyokaa chini ya maji waliipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Sehemu ya juu, inayopigwa na jua na upepo, waliipaka sifa, yaani mafuta ya papa. Adui wa chini alikuwa na dawa yake na adui wa juu alikuwa na mafuta yake. Kazi hiyo ilirudiwa kila mara, maana hakuna aliyetarajia kupaka mara moja na kusahau.

Nguzo ya dawa ni hivyo hivyo. Dawa iliyomo ndani hupambana na mchwa, wadudu wengine na kuvu wanaoozesha mbao. Hiyo ndiyo kazi yake, na huifanya vizuri kwa miaka mingi. Lakini dawa hiyo haizuii jua wala mvua. Jua huunguza uso wa mbao, ukawa wa kijivu na wenye nyuzi. Mvua huifanya mbao kuvimba, na jua likirudi mbao hunywea. Kuvimba na kunywea huko ndiko kunakoleta nyufa na kupinda. Rangi ndiyo inayopunguza madhara ya jua na mvua. Kwa hivyo dawa iko ndani, rangi iko nje, na hakuna inayoweza kufanya kazi ya mwenzake.

Dawa huingiaje?

Nguzo nyingi za dawa nchini Kenya hutokana na mikaratusi na misonobari. Mti hukatwa, ukamenywa maganda na kuachwa ukauke. Kisha nguzo huingizwa ndani ya tangi refu la chuma na mlango hufungwa kabisa. Pampu huvuta hewa iliyomo ndani ya tangi na ndani ya mbao. Halafu tangi hujazwa maji yenye dawa, na pampu husukuma maji hayo kwa nguvu kubwa, mara kadhaa ya upepo uliomo ndani ya gurudumu la gari. Dawa hulazimika kupenya ndani kabisa ya ile sehemu nyeupe ya mti inayozunguka kiini. Kiini chenyewe ni kigumu na hakinywi dawa kwa urahisi.

Dawa iliyozoeleka zaidi kwa nguzo hapa nchini hujulikana kwa herufi CCA. Ina vitu vitatu. Shaba huua kuvu. Aseniki huua wadudu, pamoja na wale kuvu wachache wanaoistahimili shaba. Kromi hufanya kazi ya gundi: huvishika hivyo viwili ndani ya mbao visioshwe na mvua. Ile rangi ya kijani hutokana na dawa hiyo.

Aseniki ni sumu. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Nchini Marekani, watengenezaji waliacha kutumia CCA kwa mbao za matumizi ya nyumbani, kama vile baraza za mbao na vifaa vya kuchezea watoto, ilipofika mwisho wa mwaka 2003. Dawa zilizochukua nafasi yake hutegemea shaba bila aseniki. Nguzo za umeme, za ua na za kazi nzito ziliendelea kutumia CCA.

Hilo lisimtie mtu hofu ya kung'oa ua wake. Dawa ikishashikwa vizuri ndani ya mbao, kiasi kinachotoka ni kidogo. Hatari hukua mbao inapogeuzwa kuwa vumbi, moshi au majivu. Kwa hivyo katika kila hatua ya kazi ya rangi, fundi ajiulize: je, njia hii itazalisha vumbi au moshi, leo au miaka mitatu ijayo?

Kabla ya kununua

Rangi ya kijani peke yake si ushahidi kwamba nguzo ilipitia kwenye tangi. Nguzo iliyochovywa au kupakwa dawa kwa brashi hupata kijani cha juu tu, na dawa huingia milimita chache. Mnunuzi amwombe muuzaji amwonyeshe nguzo iliyokatwa katikati. Ikiwa dawa imeingia sawasawa, pete ya kijani itaonekana ikizunguka sehemu yote nyeupe ya mti, na kiini kitabaki na rangi yake. Kuangalia ncha peke yake hakutoshi, kwa sababu ncha hunywa dawa kirahisi kuliko ubavu.

Wako wakazi wanaopaka nguzo oili chafu ya magari wakidhani ni dawa. Oili hiyo haipenyi ndani ya mbao ikazuia mchwa kwa miaka, nayo huchafua udongo na maji. Zaidi ya hayo, rangi haishiki juu ya oili. Hali kadhalika nguzo za zamani zilizotiwa lami nyeusi ya krisoti, kama zile za reli na za simu, hazifai kupakwa rangi. Krisoti hupenya na kuichafua rangi kutoka chini. Nguzo kama hizo zisitumike kabisa mahali ambapo watu hukaa au kuegemea.

Kwa nini rangi hubambuka?

Chukua mfano wa mama anayejenga kibanda cha chai na mahamri kando ya barabara. Jumatatu analetewa nguzo na mbao za dawa. Jumanne fundi anasimamisha. Jumatano wanapaka rangi nzito ya mafuta, nyekundu inayong'aa. Wiki ya kwanza kibanda kinameremeta. Mvua za masika zikifika, rangi inaanza kufura mapovu kama ngozi iliyoungua. Kufikia mwisho wa mwaka imebambuka vipande vipande. Mama anailaumu rangi, na muuza rangi anamlaumu fundi.

Wote wanaiacha sababu yenyewe. Ile nguzo ilikuwa na maji ndani. Kumbuka ilivyotengenezwa: dawa iliingizwa pamoja na maji, na ikitoka tangini huwa nzito kuliko ilivyoingia. Ikipakwa rangi kabla maji hayajatoka, rangi hufunga mlango. Jua likipiga, maji hutafuta njia ya kutokea, nayo huisukuma rangi kutoka ndani. Hata rangi ghali kuliko zote dukani haiwezi kushindana na maji yanayotoka ndani ya mbao.

Haraka haraka haina baraka. Dawa ya tatizo hili ni subira, na subira haina gharama.

Kukausha na kupima

Mbao za dawa zipangwe chini ya kivuli, juu ya mawe au matofali ili zisiguse ardhi, na kati ya safu moja na nyingine ziwekwe fito ili hewa ipite. Nguzo nene huhitaji muda mrefu kuliko mbao nyembamba. Wakati wa kaskazi mbao nyembamba zinaweza kukauka kwa wiki chache, lakini nguzo nene huweza kuchukua miezi. Zikaushwe kivulini, wala si juani. Jua kali hukausha uso haraka kuliko ndani, na nguzo hupasuka. Tena mbao ikikaa juani wiki kadhaa bila kupakwa chochote, uso wake hulegea na rangi haishiki vizuri.

Mwenye kipima unyevu atakitumia, na asipake mpaka kisome asilimia 18 au chini yake. Asiye nacho atumie tone la maji. Amwagie matone machache juu ya mbao na kungoja. Maji yakisimama juu kama umande juu ya jani la mgomba, mbao bado haijawa tayari. Yakinywewa ndani ya dakika chache, mbao iko tayari kunywa rangi pia. Jaribio lifanywe mahali zaidi ya pamoja, hasa karibu na chini ya nguzo na upande usiopigwa na jua.

Kwa hali ya hewa ya pwani, miezi mizuri ya kupaka ni Januari hadi mwanzo wa Machi, kabla ya masika. Agosti na Septemba pia hufaa, mradi siku iwe kavu. Mwezi wa Mei si wa kupaka rangi nje.

Rangi nzito au steini?

Dukani kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni rangi ya kawaida, inayofanya ngozi juu ya mbao. Ya pili ni ile nyepesi inayonywewa na mbao, ambayo mafundi huiita steini. Rangi huficha mbao kabisa. Steini huacha mistari ya mbao ionekane.

Rangi ina faida zake. Huzuia jua vizuri kuliko steini, na ina kila aina ya rangi ambazo mwenye biashara anaweza kutaka. Lakini ikichoka hubambuka, na kabla ya kupaka upya ni lazima ile ya zamani ikwaruzwe au isuguliwe kwa msasa. Msasa juu ya mbao ya CCA hutoa vumbi lenye aseniki. Vumbi hilo huingia puani mwa fundi, huanguka kwenye mchanga ambapo watoto hucheza, na huvaliwa mpaka nyumbani.

Steini haibambuki kwa sababu haina ngozi. Huisha polepole na kupauka. Ikipauka, mbao huoshwa, hukaushwa na kupakwa tena juu yake, bila msasa. Kasoro yake ni kwamba hurudiwa mapema. Sehemu zinazolala chali na kupigwa na jua na mvua, kama vile ngazi, viti na sakafu za mbao, huenda zikahitaji kupakwa kila mwaka au kila baada ya mwaka mmoja. Kuta na nguzo za wima hukaa zaidi.

Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilipochunguza suala hili iliona kwamba kupaka mbao za CCA mara kwa mara kitu kinachonywewa ndani, kama vile steini ya mafuta, hupunguza aseniki inayofika kwenye mikono ya wanaozigusa. Rangi za kufanya ngozi hazikupendekezwa kwa mahali panapokanyagwa au kuguswa sana, kwa sababu hubambuka.

Ushauri kwa wakazi basi ni huu. Mahali ambapo watu hugusa, hukaa, hukanyaga au watoto hucheza, tumia steini. Mahali pa juu pasipofikiwa na mikono, kama ubao wa jina la duka au pembe za paa, rangi ya kawaida inafaa. Kwa nguzo za ua wa shamba zilizo mbali na nyumba, si lazima kupaka chochote. Dawa iliyomo inatosha kuzuia mchwa, na kijivu cha jua ni suala la sura tu.

Namna ya kupaka

Kwanza, kata na toboa kila kinachohitaji kukatwa na kutobolewa kabla ya kupaka. Kila mahali msumeno ulipopita, mlango umefunguliwa kwa mchwa, hasa kwenye kiini kisichonywa dawa. Ncha iliyokatwa ipakwe dawa ya shaba ya kupaka kwa brashi, mara mbili au tatu mpaka ikatae kunywa. Sehemu inayoingia ardhini iwe ile ncha ya asili iliyotoka kiwandani, na ile iliyokatwa iwe juu. Ncha ya juu ikatwe kwa mshazari au ivalishwe kofia ya bati ili maji yasisimame.

Pili, safisha. Karibu na bahari, mbao hukusanya chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Oshea maji baridi yasiyo ya chumvi, sabuni kidogo na brashi laini, kisha suuza na kuacha ikauke siku kadhaa. Usitumie klorini ya kung'arishia nguo juu ya mbao za CCA, kwa sababu inaweza kuigeuza ile kromi iliyotulia ndani ya mbao ikawa ya aina yenye sumu kali zaidi. Usitumie mashine ya maji ya kasi pia, maana hupasua nyuzi.

Tatu, paka wakati umande umekauka na jua halijawa kali, na ufuate kivuli kinavyozunguka. Mbao yenye joto kali hukausha rangi kabla haijashika. Kwa steini, paka mkono mmoja mwembamba, uiache inywewe, kisha ufute inayobaki juu kwa kitambaa. Kwa rangi, anza na praima ya mafuta ya nje, kisha mikono miwili ya rangi ya maji ya aina ya akriliki inayofaa nje. Ncha zipakwe zaidi, kwa maana hizo ndizo midomo ya mbao.

Nne, tumia misumari na boliti zilizopakwa zinki. Shaba iliyomo ndani ya mbao, pamoja na chumvi ya bahari, hula chuma kitupu haraka, na machozi ya kutu hushuka juu ya rangi.

Tano, soma mkebe. Kiwango kinachotumika Kenya ni kwamba madini ya risasi ndani ya rangi yasizidi sehemu 90 kwa kila milioni. Mkebe usio na alama ya ubora ya KEBS, au uliofunguliwa na kuuzwa kwa vipimo vya chupa, hauna njia ya kuthibitishwa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na rangi inayobambuka ndiyo inayoingia vinywani mwa watoto.

Rangi ya zamani iliyobambuka

Vipi kuhusu yule mama wa kibanda, ambaye tayari amepaka na rangi imetoka? Asikimbilie msasa wa mashine. Aloweshe kwanza sehemu iliyobambuka kwa maji, kisha aikwaruze taratibu kwa mkono ikiwa bado na unyevu, ili vumbi lisiruke. Atandike karatasi ya nailoni chini ikusanye maganda. Avae barakoa ya kuzuia vumbi na glavu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Watoto wakae mbali, na vyakula vifunikwe au kazi ifanywe siku ambayo hakuna mapishi. Baada ya kazi nguo zifuliwe peke yake. Mbao ikishakauka, apake tena. Na kuanzia hapo, akiona mahali padogo pameanza kufura, apashughulikie mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Vipande vilivyobaki

Sasa lile swali la mwisho. Fundi akimaliza kazi, chini hubaki vipande, maranda na unga wa mbao. Kuni ni ghali, makaa ni ghali zaidi, na vipande vile ni vikavu na vinawaka vizuri. Mtu mwenye kibanda cha chai angeona ni baraka. Angeviweka chini ya sufuria, akakaanga mahamri na kuchemsha chai. Mwingine angechomea nyama. Mwingine angempa jirani.

Hilo lisifanywe, hata kwa kipande kimoja.

Moto hauiui aseniki. Kuni huungua zikaisha, lakini aseniki haiungui. Sehemu yake hupanda na moshi, ikavutwa na aliyeinama jikoni na mtoto aliyebebwa mgongoni. Sehemu kubwa hubaki kwenye majivu, tena ikiwa imekusanyika kwa wingi kuliko ilivyokuwa ndani ya mbao, kwa sababu gogo zima limekuwa konzi moja ya majivu.

Na majivu ya jikoni hayatupwi ovyo katika nyumba zetu. Yako yanayosugulia sufuria. Yako yanayochanganywa na kunde na mahindi ya akiba yasiingiwe na fukusi. Yako yanayomwagwa shambani kwenye mchicha, na yako yanayotupwa uani ambapo kuku huchakura na watoto huchezea. Mama anayeyatumia hivyo anafanya kama alivyofunzwa na mama yake, na kwa kuni za kawaida hana kosa. Lakini majivu ya mbao za dawa hubeba sumu hadi kwenye sufuria, kwenye ghala na kwenye bustani, na hayana harufu wala ladha ya kumwonya.

Kwa hivyo vipande, maranda na unga wa mbao zilizotiwa dawa vikusanywe vyote ndani ya gunia siku ile ile ya kazi. Visichomwe, visitumike kutandikia kuku au mbuzi, visitiwe kwenye mbolea. Visipewe mtu kama kuni. Kipande kirefu kinaweza kutumika tena kama kikingi cha ua. Kilichobaki kipelekwe kwenye jaa lililoidhinishwa. Katiba ya 2010 iliweka uondoaji wa taka na usimamizi wa majaa chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo mkazi anayeuliza ofisi ya wadi yake gunia lake lipelekwe wapi anadai haki yake, wala hamsumbui mtu.

Fundi naye ana jukumu. Mwenye nyumba huenda asijue tofauti kati ya kipande cha mbao ya dawa na kipande cha mbao ya kawaida, hasa baada ya jua kukipausha kijani chake. Fundi anajua. Kabla hajapokea malipo yake, aonyeshe gunia na aseme wazi: hizi si kuni.

Mbao za CCA pia hazifai kwa ubao wa kukatia nyama, meza ya kuandalia chakula, kihori cha maji au malisho ya mifugo, mzinga wa nyuki, wala kingo za bustani ya mboga. Mahali hapo patumike mbao zisizo na dawa.

Vituo vya watoto na miradi ya umma

Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Masoko pia yako chini ya kaunti. Kwa hivyo ushauri huu unaihusu serikali yenyewe kama unavyomhusu mwenye kibanda. Kamati ya usimamizi wa mradi katika kituo cha chekechea ina haki ya kumuuliza mkandarasi maswali manne: mbao hizi zimetiwa dawa gani? Zimekauka? Mahali watoto watakapogusa patapakwa nini, na patapakwa tena lini? Na mabaki yatapelekwa wapi? Majibu yaandikwe. Mkandarasi asiyeweza kujibu asianze kazi.

Walimu nao wawazoeze watoto kunawa mikono baada ya kucheza kwenye vifaa vya mbao na kabla ya kula uji. Kwa vyuo vya ufundi, somo la rangi na somo la mabaki yafundishwe pamoja, kwa sababu kijana anayetoka hapo ndiye atakayejenga vibanda vya kesho. Wanaotaka maelezo zaidi kuhusu aina za miti na dawa za mbao wanaweza kuyapata kwa KEFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu.

Kwa kumalizia

Mtu akitoka barazani leo na kukumbuka mambo matatu tu, yatatosha. Mbao ikauke kabla ya rangi. Mahali pa kuguswa patiwe steini, ili siku za usoni pasihitaji msasa. Na kipande kilichobaki kiende kwenye gunia, kisiende jikoni.

Yule mama wa kibanda akifuata hayo, atangoja wiki kadhaa kabla ya kufungua biashara yake, na hilo ni gumu kwa mtu anayetegemea mauzo ya kila siku. Lakini hatanunua rangi mara mbili kwa mwaka mmoja, na mahamri yake yataiva kwa kuni safi. Wateja wake hawatajua kwamba kuna jambo aliloepusha, bali watarudi kesho kunywa chai.



Mkazi mwenye swali kuhusu hotuba hii anaweza kuliwasilisha katika ofisi ya msimamizi wa wadi iliyo karibu naye.